Ndama Aachishwe Ziwa Lini? Tazama Hori na Mvua Kabla ya Kuhesabu Miezi

Mvua zinapokata Ufipa, kati ya mwisho wa Aprili na Mei, wafugaji wa Katandala na wa vijiji vinavyoizunguka Sumbawanga huanza kuuliza swali lilelile: ndama aachishwe ziwa akiwa na miezi mingapi? Wanaouliza hutaka namba. Mmoja amesoma kijitabu kinachosema miezi mitatu, mwingine ameambiwa na jirani miezi minane, na wazee wengi wanasema mwache tu, mama yake atamkataa mwenyewe. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anamsemea ndama wa aina yake: wa kwanza ni ndama wa ng'ombe wa maziwa anayenyweshwa kwa ndoo, wa pili ni ndama wa nyama wa ranchini, wa tatu ni ndama wa zebu anayegawana maziwa na watoto wa nyumba hiyo. Ukiichukua namba ya mmoja ukaitumia kwa mwingine, utampoteza ndama au utamkondesha mama.

Mimi namba naiweka mwisho. Kwanza nauliza ndama anakula nini na kiasi gani kila siku, kisha nauliza malisho yatakuwa na hali gani miezi mitatu baada ya kumwachisha. Hayo mawili yakikaa sawa, umri hujipanga wenyewe.

Tuanze na tumbo. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Kwa ng'ombe mzima chumba cha kwanza, yaani rumeni, ndicho kikubwa kupita vyote. Huchukua karibu asilimia 80 ya tumbo zima, na humo majani huvundikwa na vijidudu visivyohesabika mpaka yageuke chakula cha kumfaa ng'ombe. Kwa ndama aliyezaliwa leo mambo yako kinyume. Chumba cha nne, ambacho kazi yake inafanana na ya tumbo la binadamu, ndicho kikubwa, na rumeni ni kifuko kidogo chenye kuta laini kisicho na kazi bado. Ndama anaponyonya, mfereji mdogo unaoanzia mwisho wa umio hujikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne. Rumeni hairambi hata tone.

Ndiyo maana ndama anaweza kunyonya vizuri, manyoya yakang'aa, mgongo ukajaa, na bado rumeni yake ikawa changa. Siku utakayomkatia maziwa ndama wa namna hiyo, ataanza kufa njaa hori likiwa limejaa majani. Mfugaji atasema ndama amepata minyoo, au amerogwa, au ana ukoo mbaya. Kumbe alihamishiwa chakula ambacho tumbo lake lilikuwa halijajifunza kukipokea.

Rumeni huamshwa na chakula kikavu pamoja na maji. Pumba na nafaka zikivunda ndani yake hutoa asidi, hasa ile iitwayo butiriki, na asidi hiyo huzichochea kuta za rumeni kuota vinyweleo vya kufyonza chakula. Majani nayo huitanua rumeni, hukomaza misuli yake na kumzoeza ndama kucheua. Kinachosahaulika zaidi ni maji. Nyumba nyingi hazimwekei ndama maji kwa hoja kwamba maziwa yenyewe ni maji. Lakini maziwa hayaingii kwenye rumeni, na vijidudu vinavyovundika chakula havistawi pakavu. Ndama awekewe maji safi tangu wiki ya kwanza, hata kama ataingiza pua na kuondoka, na kuanzia wiki ya pili awekewe konzi ya chakula cha ndama na majani laini yaliyokauka vizuri. Chakula kilicholala kwa mate yake kitolewe, kiwekwe kipya. Konzi hiyo ndiyo inayomtayarisha kwa siku ya kuachishwa, miezi kadhaa kabla haijafika.

Kipimo basi ni hiki. Ndama wa ng'ombe wa maziwa anayenyweshwa kwa ndoo au chupa yuko tayari kuachishwa akishaweza kula kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo bila kubakiza. Kwa machotara wadogo wa Friesian na zebu tulio nao hapa, robo tatu ya kilo inatosha. Nenda na kopo lako dukani, lipime mara moja kwenye mizani, weka alama, na tangu hapo huhitaji kukisia. Mtazame pia kama anacheua akiwa amelala, na kama uzito wake umefika walau mara mbili ya ule aliozaliwa nao: aliyezaliwa na kilo 30 awe amefika 60. Mkanda wa kupimia mzunguko wa kifua hukupa makadirio ya uzito ya kutosha kwa kazi hii, na afisa mifugo wa kata akiwa nao muombe akupimie.

Kwa mabanda mengi ya Katandala, vipimo hivyo hutimia kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kuna nchi ambako ndama huachishwa akiwa na wiki nane, na baadhi ya wafugaji wetu wamelisikia hilo na kulipenda, kwa sababu kila lita anayomnyima ndama ni lita ya kuuza. Mimi siwashauri. Wiki nane huwezekana pale chakula cha ndama kinapopatikana kila siku bila kukosa, kikiwa laini na chenye protini ya kutosha, na banda likiwa kavu na lenye joto. Chakula chetu cha ndama hutegemea pumba za mashine ya jirani na mashudu ya alizeti ya msimu, na usiku wa Juni mjini Sumbawanga, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, baridi humla ndama nguvu nyingi. Mwezi mmoja wa maziwa ya ziada unalipwa baadaye.

Hapa naomba nimsemee ndama dume, kwa kuwa hana mtetezi. Katika banda la maziwa dume huonekana mdomo usio na faida. Hupewa maziwa wiki chache, kisha huachwa ajitafutie, na wapo wanaomwacha afe. Lakini tupo Ufipa. Mahindi, maharage na ngano vinavyotoka Rukwa hulimwa kwa sehemu kubwa na maksai wanaokokota plau, na maksai huyo wa kununua kwa bei kubwa alikuwa ndama dume wa mtu. Maksai huanza kufundishwa kazi akiwa na miaka kama miwili na nusu au mitatu, na hutakiwa awe na mwenzake wa kimo na nguvu zinazolingana, la sivyo nira hulala upande na mmoja ndiye anayevuta mzigo wa wote wawili. Dume aliyekatishwa maziwa kabla ya wakati hudumaa miguu na kifua katika miezi ileile ambayo mifupa yake ilipaswa kurefuka, na majani mazuri ya mwaka unaofuata hayarudishi yote aliyoyapoteza. Kwa mtamba hasara ni hiyohiyo kwa sura nyingine: atachelewa kupata joto, atazaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu au minne, na muda wote huo unamlisha bila kukamua.

Sasa twende kijijini, nje ya mji, kwenye zebu. Kule mambo ni magumu zaidi, na ndiyo ninayopenda kukaa nayo kwa undani.

Zebu hashushi maziwa kwa mkamuaji. Ndama husogezwa kwanza, anyonye kidogo, apige kiwele kwa kichwa, na ubongo wa mama hutoa homoni ya oksitosini inayokamua maziwa kutoka ndani ya kiwele na kuyaleta kwenye chuchu. Akishtuka, akipigwa, akiona mgeni au mbwa, homoni ya hofu huizuia ile ya kwanza na maziwa hubaki juu. Machotara wengi wamezoea kukamuliwa bila ndama. Zebu wachache huzoea. Kwa wengi, ndama akifa au akiachishwa, maziwa hukoma ndani ya siku chache. Kwa hiyo kwenye nyumba yenye zebu, kumwachisha ndama ziwa ni kuamua pia kwamba watoto wa nyumba hiyo wataacha kunywa maziwa mpaka ng'ombe azae tena. Uamuzi huo mkubwa aukalie baba pamoja na mama wa nyumba, maana mara nyingi mama ndiye anayejua kibuyu kinajaa kiasi gani na nani anakitegemea.

Kwa sababu hiyo siwaharakishi wenye zebu. Ninachowaomba ni wagawane na ndama kwa haki wakati ananyonya. Miezi mitatu ya kwanza mkamuaji akamue chuchu tatu, moja amwachie ndama yote, siku nyingine chuchu tofauti. Ndama anayeachiwa mabaki tu baada ya kiwele kukaushwa hujifunza kuramba udongo na kula kamba, na tumbo lake huwa kubwa huku mgongo ukiwa umechongoka. Kuanzia mwezi wa nne, anapokuwa anachunga na kucheua, unaweza kuongeza sehemu yako. Kumwachisha kabisa kuwe kati ya mwezi wa saba na wa nane, kama ilivyo desturi ya ufugaji wa ranchi kama ile ya Kalambo, iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO). Tofauti ni kwamba ndama wa ranchini ananyonya maziwa yote ya mama, kwa hiyo miezi minane yake ina shibe kuliko miezi minane ya ndama wa nyumbani.

Yupo pia mama mwenyewe, ambaye katika mazungumzo haya husahauliwa. Kunyonyesha mara kwa mara huuzuia mwili wa ng'ombe kurudi kwenye joto, na ukondefu huuzuia zaidi. Mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283. Ili azae kila mwaka, ingebidi ashike mimba ndani ya miezi mitatu baada ya kuzaa, jambo ambalo zebu wa malisho ya asili halimudu kwa kawaida. Wengi huzaa mara moja kila mwaka mmoja na nusu au miwili. Ndama akinyonya hadi Oktoba, mama huingia msimu wa mvua akiwa mifupa mitupu, hutumia majani ya Desemba na Januari kujirudishia mwili, na mwaka mwingine unapita bila mimba. Mwangalie Mei akiwa amesimama: kama mbavu zinahesabika kutoka mbali, mifupa ya nyonga imechomoza na pande zote za shina la mkia zimebonyea, mwachishe ndama akiwa na miezi sita, hata kama ungependa minane, na nguvu ya kumlisha ihamie kwenye hori la ndama.

Hapo mvua inaingia. Uwandani kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Ng'ombe wanaoachwa pamoja na dume mwaka mzima hushika mimba zaidi wakati majani ni mazuri, kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo ndama wengi huzaliwa kati ya Novemba na Januari. Wale wa Novemba wanafika mwisho wa Mei wakiwa na miezi sita kuelekea saba. Wa Januari wakiwa na minne kuelekea mitano. Wakati huohuo maharage yameng'olewa, mahindi yanavunwa, mifugo inafunguliwa mashambani kula mabua, na kwenye mabonde bado kuna majani yenye uhai. Baada ya hapo hali hushuka haraka. Kufikia Agosti majani yaliyobaki ni makavu, moto umeshapita sehemu nyingi, na protini iliyomo huwa chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya rumeni hushindwa kufanya kazi yao. Ng'ombe mzima hujishikilia kwa mafuta ya mwilini. Ndama aliyeachishwa Agosti hana akiba hiyo.

Kwa hiyo ndama wa Novemba na Desemba ningewaachisha kati ya wiki ya mwisho ya Mei na katikati ya Juni, hata kama baadhi yao hawajafika mwezi wa saba. Wanapata wiki sita au nane za chakula kinachofaa kabla ya ukame kukaza, na mama zao wanapata miezi mitano ya kujijaza kabla ya mvua. Ukichelewa mpaka Agosti, umewaachisha wakati mbaya kuliko yote, na hapo ni afadhali kuendelea kuwanyonyesha kidogo hadi mvua zifike.

Tatizo la Juni ni baridi na upepo. Zizi la wazi lililozoeleka kwa ng'ombe wakubwa halimfai ndama aliyetoka kukatishwa maziwa. Mjengee kona yenye kuta upande upepo unakotoka, paa hata la nyasi, na sakafu ya kulalia ya mabua yaliyokatwakatwa, ibadilishwe ikilowa. Kama kuna wiki ya baridi kali, ahirisha. Kuchelewa siku kumi hakudhuru kitu.

Chakula cha kumshikilia hadi mvua tunacho, ila tunakiacha kiteketee. Maganda na majani ya maharage baada ya kupurwa yana protini zaidi kuliko mabua ya mahindi. Yakusanywe siku ileile, yawekwe juu ya kichanja chini ya paa, yasiachwe uwanjani kunyeshewa na umande na kuvunda. Alizeti yetu inakamuliwa hapahapa, na mashudu yake ni protini bora ya bei nafuu kuliko nyingine yoyote tunayoweza kuipata. Kwa mchanganyiko wa kilo 100, chukua kilo 67 za pumba za mahindi, kilo 30 za mashudu ya alizeti, kilo 2 za madini ya mifugo au unga wa mifupa uliochomwa vizuri, na kilo 1 ya chumvi. Utapata protini karibu na asilimia 16. Ndama wa miezi sita apewe kilo moja kwa siku, asubuhi nusu na jioni nusu, na maganda ya maharage ale mpaka aache. Pumba zenye ukungu au harufu ya uvundo usimpe, hata kama unaona uchungu kuzitupa. Sumu ya ukungu huharibu ini, na ini la ndama huumia haraka. Urea, ambayo wengine humwagia mabua, isikaribie kabisa ndama wa chini ya miezi sita.

Njia ya kumwachisha ina uzito sawa na siku yenyewe. Desturi iliyozoeleka ni ya ghafla: ndama hupelekwa kwa ndugu kijiji cha pili, au hufungiwa, na kilio huanza. Mama hatulii, ndama hutembea huku na huko kutwa, hali, na mwili uliodhoofika kwa hofu hufungulia homa ya mapafu na kuhara. Ndama huyo anapoteza vitu viwili kwa siku moja: maziwa na mama. Watafiti wameonyesha kwamba vikitenganishwa, ndama huvumilia vizuri zaidi. Mwaka 2005 Derek Haley, Joseph Stookey na mwenzao walichapisha kazi yao kutoka Kanada: ndama walivishwa kwanza kibao puani kinachowazuia kunyonya huku wakiendelea kukaa na mama zao, kisha siku chache baadaye wakatenganishwa. Kilio kilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kikilinganishwa na cha ndama waliotenganishwa ghafla, na muda wa kula ukaongezeka. Miaka miwili kabla, Edward Price na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walikuwa wamewatenganisha ndama na mama kwa uzio tu, wakiwa wanaonana na kunusana, na ndama hao waliongezeka uzito vizuri zaidi katika wiki mbili za kwanza kuliko waliopelekwa mbali.

Njia zote mbili zinawezekana Ufipa bila gharama kubwa. Kibao kinaweza kukatwa kutoka kwenye dumu la plastiki gumu, kingo zikalainishwa kwa moto, kikaning'inia mbele ya mdomo: ndama akiinamisha kichwa kula au kunywa kinafunguka, akikiinua kwenye chuchu kinaziba. Kikae siku tano, kisizidi wiki, na pua ikaguliwe kila siku isiwe na kidonda. Kile cha miiba au misumari, ambacho ndama akisogea humchoma mama ili ampige teke, nakikataa kabisa. Hutoboa kiwele, na kiwele kilichotobolewa hupata ugonjwa unaoua chuchu moja moja kwa maisha yote. Kupaka chuchu mavi ya ng'ombe nako ni kuusogeza uchafu kwenye mlango wa maziwa.

Kwa uzio, tumia miti au mianzi iliyokaribiana kiasi kwamba pua inapita lakini kiwele hakifikiwi. Ndama abaki kwenye zizi analolijua, penye hori na maji anayoyajua; anayehamishwa upande wa pili ni mama. Waachishe wawili au zaidi pamoja, na kama ni mmoja tu, mpe mwenzake, hata mbuzi au ng'ombe mzee mtulivu. Kilio cha siku tatu za kwanza hakikwepeki kabisa. Siku ya saba mama anaweza kupelekwa malishoni ya mbali. Kwa ndama wa ndoo ni rahisi zaidi: ondoa maziwa ya jioni kwanza, baada ya wiki punguza ya asubuhi hadi nusu, baada ya wiki nyingine yaishe. Ukiona kiasi cha chakula kinashuka badala ya kupanda, simama hapo ulipofika mpaka kipande. Usiongeze maji kwenye maziwa ili kumdanganya; huharisha.

Wachache wanaofuga punda huniuliza kama haya yanawahusu. Punda na farasi hawacheui, hawana rumeni. Majani yao huvundikwa nyuma, kwenye utumbo mpana, kwa hiyo kipimo cha kilo ya chakula hakiwahusu kwa namna ileile. Mtoto wa farasi huachishwa kati ya miezi minne na sita, wa punda kuanzia miezi sita. Lakini somo la utulivu linawahusu zaidi kuliko ng'ombe. Punda hushikamana sana, na punda jike akitenganishwa ghafla na mtoto wake anaweza kususa chakula. Mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na ini, na siku chache baadaye anakufa. Uzio wa kuonana, na mwenzake wa kukaa naye, kwa punda ni lazima.

Siku ya kuachisha iwe ya kuachisha tu. Nimeona mara nyingi afisa mifugo akialikwa siku moja afanye kila kitu: ndama aachishwe, ahasiwe kwa burdizo, akatwe pembe, apewe dawa ya minyoo na chanjo. Mwili mdogo hauyabebi yote. Chanjo ya chambavu, ambao hupenda ndama wa kuanzia miezi sita, itolewe wiki mbili au tatu kabla ya kuachisha, na dawa ya minyoo pia. Kuhasi kungoje ndama atulie na aanze kuongezeka uzito. Kuogesha au kunyunyizia dawa ya kupe kusikatike hata wiki moja, kwa kuwa ndigana kali huwashika ndama kuliko wakubwa, na ndama aliyedhoofishwa na kuachishwa ana nguvu ndogo ya kupambana nao. Tezi chini ya sikio ikivimba na joto likapanda, mwite daktari siku hiyohiyo.

Liko pia jambo moja lisilo na mjadala. Ng'ombe akiwa na mimba ya miezi saba, ndama anayemnyonya aachishwe hata kama hali ya malisho hairidhishi, na aliye kwenye kukamuliwa akaushwe. Kiwele kinahitaji siku 60 za kupumzika, na dang'a atakayotoa ni ya mtoto aliye tumboni. Ndama mchanga asipoipata dang'a mapema, hasa ndani ya saa sita za mwanzo, kinga inayomfikia hupungua sana. Utumbo wake huifunga milango ya kuipokea kinga hiyo siku ya kwanza inapokwisha. Ndama mkubwa anayenyonya mpaka siku ya kuzaa huikomba yote.

Wanabaki ndama waliozaliwa nje ya msimu, wa Machi na Aprili, ambao Juni wanakuwa na miezi miwili au mitatu. Wasiachishwe pamoja na wenzao kwa kuwa tu uzio umeshajengwa. Kwa zebu, waendelee kunyonya ukame wote, mama apewe maganda ya maharage na mashudu kidogo kila jioni, na nyumba ipunguze sehemu yake ya maziwa kuanzia Agosti. Kuna uwezekano mkubwa mama huyo hatashika mimba mwaka huo, na inafaa mfugaji ajipange kwa hilo mapema. Ndama aachishwe Desemba, majani mapya yakiwa na wiki tatu au nne, ili tumbo lizoee ubichi kwanza. Yale ya wiki ya kwanza ya mvua yana maji mengi mno na humharisha hata ndama mwenye rumeni iliyokomaa.